KUMCHAGUA MSHAURI WA BIASHARA

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama walio likizoni na jamaa zao, Masara, Kaunti ya Migori



Wengine wametuuliza njiani: watu wa reli wanatafuta nini Masara, mahali ambapo hapana reli hata yadi moja? Jibu ni fupi. Tunaifuata fedha yetu. Wana wa hapa wako kazini Kisumu, Nakuru, Nairobi na Mombasa, na kila mwisho wa mwezi sehemu ya mshahara wao hurudi huku kwa simu. Ikifika hugeuka kuwa shimo la dhahabu, au mashine ya kusaga mawe, au pikipiki, au duka la saruji na mabati. Na mahali fedha inapogeuka hivyo hapakosi mtu aliyesimama kando akisema, "Mimi nitakushauri." Habari za mtu huyo ndizo tulizokuja kuzizungumza.

Hatusemi kwamba washauri hawafai. Kinyume chake, twasema kwamba mfanyakazi anayeanza biashara bila mtu wa kumwuliza yumo katika hatari kubwa, kwa sababu kazi ya mshahara haimfundishi mtu biashara. Mtu aweza kukaza reli miaka ishirini, akawa fundi hodari kabisa, asijue kwa nini duka lenye wateja wengi hufilisika. Wazee wetu wa reli waliliona jambo hili kwa macho. Mwaka 2006 kazi ya kuendesha treni ilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25, na kabla ya hapo maelfu ya wafanyakazi waliachishwa kazi. Mkataba wenyewe haukufika hata nusu, maana ulivunjwa mwaka 2017. Lakini mtu aliyerudi nyumbani na kiinua mgongo chake hakuweza kungoja mwaka 2017. Alikuwa na fedha nyingi mkononi kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yake, na kila aliyekutana naye alikuwa na shauri la kumpa.

Fedha ya namna hiyo huja mara moja. Mshahara ukiuharibu mwezi huu, mwezi ujao utapata mwingine. Kiinua mgongo ukikiharibu, watoto watarudishwa kutoka shuleni. Ndiyo sababu jambo hili ni la chama, wala si la mtu mmoja mmoja peke yake.

Siku hizi mshauri huyu ana jina jipya, huitwa kocha. Sisi wa reli neno hili linatuchekesha kidogo, kwa kuwa kwa Kiingereza ndilo neno la behewa la abiria. Asili yake ni kijiji cha Kocs katika nchi ya Hungaria, walikotengeneza magari mazuri ya kukokotwa na farasi. Baadaye, katika karne ya 19, wanafunzi wa Oxford huko Uingereza wakaanza kumwita hivyo mwalimu wa kukodiwa aliyewavusha mtihani, kana kwamba amewapakia garini. Basi neno ni zuri, lakini tukumbuke tunavyojua sote kazini, kwamba behewa halijivuti. Mtu akikuahidi kwamba yeye ndiye atakayekuvuta hadi kwenye utajiri huku wewe umeketi dirishani, huyo haijui biashara, au anaijua sana biashara yake mwenyewe.

Kama twataka mfano wa kweli wa mshauri katika kazi yetu, tumtazame dereva mwenza anayeijua njia. Dereva wa treni hata awe hodari namna gani haruhusiwi kuendesha peke yake katika sehemu ya njia asiyoijua. Hana budi kwanza kujifunza njia ile, ajue miteremko, signali, mahali pa kupunguza mwendo, kisha atie sahihi kwamba anaijua. Asipoijua, hupewa mwenzake anayeijua ili asimame karibu naye. Fikirini njia ya Kisumu. Kutoka Mau Summit, mahali palipo juu ya futi 8,000, treni huteremka kupitia Londiani, Kipkelion, Fort Ternan na Muhoroni mpaka ziwani, kwenye futi 3,700 hivi. Mtu aliyezoea nchi tambarare ya kule Voi akija hapo na mzigo mzito bila kuonywa, breki zitamfundisha. Anayemfaa hapo ni mtu aliyeupita mteremko ule ule, tena si zamani sana. Profesa wa injini hatamsaidia.

Angalieni basi tabia za dereva yule mwenza. Anaijua njia ile yenyewe. Amepanda injini ile ile, na likitokea la kutokea litampata yeye pia. Hampangii mwenzake bei ya tikiti, wala hakusanyi fedha za abiria. Tena akisha kukufikisha mara kadhaa, ukaijua njia, huteremka akakuacha. Sisi tukimpima mshauri wa biashara kwa tabia hizi, wengi watabaki stesheni.

Mtasema haya ni maneno ya watu wa reli tu. Lakini yamejaribiwa hapa hapa Kenya. Wataalamu watatu, Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson, walikwenda Dandora, Nairobi, wakawakuta wanawake wenye biashara ndogo ndogo zilizokuwa bado changa, zaidi ya mia tatu. Wengine waliwapeleka darasani wafundishwe kuweka hesabu, kutafuta wateja na mambo kama hayo. Wengine hawakufundishwa kitu, ila kila mmoja aliunganishwa na mwanamke mwingine wa pale pale Dandora, mwenye biashara ya namna hiyo hiyo iliyokwisha kusimama, wawe wanaonana. Kundi la tatu waliliacha kama lilivyo. Taarifa yao ilitolewa mwaka 2018. Waliokwenda darasani faida yao haikuongezeka. Waliopewa mwenzao mzoefu faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20 hivi.

Na siri ilikuwa nini? Haikuwa maneno makubwa. Mama mzoefu alimwambia mwenzake: usinunue kwa yule, nenda kwa huyu, ana bei nafuu. Ndiyo hayo tu kwa sehemu kubwa. Mahali pa kununulia mali, na bei. Mambo ambayo mwalimu kutoka mbali hawezi kuyajua, na hata akiyajua leo, kesho yamebadilika. Tena faida ile ilianza kupungua walipoacha kuonana. Kwa hiyo tusidhani kwamba shauri ni kitu cha kumeza mara moja kama kidonge.

Sasa tuje Masara, maana hapa kwetu jambo lenyewe lina ugumu wake.

Wote mnajua jinsi kazi ya dhahabu inavyokwenda. Mgodi mkubwa wa Macalder ulifungwa mwaka 1966, lakini dhahabu haikuisha, na tangu hapo watu wa Masara, Osiri, Mikei na kwingineko wanachimba kwa mikono yao. Mtu akitaka kufungua shimo anahitaji mbao za kushikiza kuta, pampu ya maji, chakula cha vijana, na mafuta ya jenereta. Mara nyingi hana. Basi huja mfadhili, naye hutoa fedha kwa mapatano ya kugawana mawe. Halafu mawe hupelekwa kwa mwenye mashine ya kusaga. Halafu akina mama huosha, zebaki huingia, dhahabu hukamatwa, dalali huinunua. Katika safari hii yote, ndugu zetu, ni nani anayemshauri mchimbaji? Ni mfadhili. Ni mwenye mashine. Ni dalali. Yaani kila anayemshauri ni mtu anayenunua kitu kwake au anayemuuzia kitu.

Hatusemi hao ni watu wabaya. Wengi ni jirani zetu, na bila wao mashimo mengi yasingefunguliwa. Twasema tu kwamba shauri la mtu hufuata mahali anapopatia chakula chake. Tuchukue mfano wa mchanga ule uliokwisha oshwa. Mchimbaji mgeni huambiwa: "Huo hauna kitu tena, uache hapo hapo mashineni." Yeye huuacha, tena hushukuru kuondolewa uchafu. Lakini zebaki haikamati dhahabu yote. Sehemu kubwa yaweza kubaki mchangani, na ndiyo maana kuna watu wanaoununua mchanga huo na kuupeleka kwenye matangi ya sianidi, wakaitoa dhahabu ile iliyobaki. Kama mchanga hauna kitu, matangi yale yalijengwa ya nini? Basi aliyekuambia uuache, kabla hujamwita mshauri, ungemwuliza swali moja: ukibaki hapa, unakuwa mali ya nani?

Mfano mwingine ni bei. Mwezi wa Oktoba 2025 bei ya dhahabu duniani ilipita dola 4,000 kwa aunsi. Aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1, si ile ya gramu 28 mnayoiona kwenye pakiti za dukani. Gawanyeni wenyewe. Ni dola 128 na kitu kwa gramu moja ya dhahabu safi, na kwa kuwa dola ilikuwa kiasi cha Shs. 129/-, ni zaidi ya Shs. 16,500/- kwa gramu. Dhahabu yetu ikitoka shimoni si safi kabisa, na dalali naye anasafiri, anajihatarisha, lazima apate chake; kwa hiyo hatusemi mlipwe bei hiyo. Lakini mshauri wa kweli wa mchimbaji angeanza kwa kumfundisha kugawanya huku. Ni hesabu ya darasa la sita. Kama umeshauriwa na mtu miaka miwili naye hajakuonyesha hesabu hii, jiulize ni kwa nini.

Akina mama wanaoosha tunawataja kwa namna ya pekee. Mtu akija na shauri la kuongeza mapato yako, na shauri hilo ni kuchoma zebaki zaidi jikoni karibu na watoto, mapato hayo yatalipa hospitali. Zebaki ikichomwa hugeuka hewa, huingia mapafuni, hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na huwadhuru zaidi watoto walio tumboni. Mshauri asiyelisema hili ameacha kukuhesabia gharama iliyo kubwa kuliko zote.

Tukiacha machimbo, kuna washauri wa mjini. Hawa huja na mabango. Utaona picha ya mtu amesimama karibu na motokaa nzuri, na maneno kwamba yuko tayari kukufungulia akili. Semina ni ya siku moja katika hoteli ya Migori au Kisumu. Siku ile hupigwa muziki, watu husimama na kukaa, hupiga makofi, kisha jioni, wakati wa kuchoka, huambiwa kwamba siri yenyewe iko katika semina ya pili, na ya pili bei yake ni mara kumi, na atakayelipa leo kabla ya saa kumi na mbili atapunguziwa. Mwenzetu mmoja alilipa ya kwanza, akalipa ya pili, na ya tatu akaikopea. Alipouliza huyo mshauri mwenyewe alifanya biashara gani kabla ya kushauri, hakupata jibu. Biashara yake ilikuwa semina. Tena aliifanya vizuri, hatumnyimi haki yake.

Mtu akikuharakisha, mkimbie. Njia ya reli ikiwa salama, signali yake haikai kijani kwa dakika tano halafu ikatoweka milele. Biashara nzuri ya leo itakuwa nzuri Jumatatu, baada ya kuzungumza na mkeo au mumeo na kulala usingizi.

Tena kuna hatari kubwa zaidi, nayo ni mshauri anayetaka umpe fedha akuzungushie. Hapo si mshauri tena. Katika mwaka 2006 na 2007 nchi yetu iliingiliwa na mipango ya upatu wa uongo, ile inayowalipa wa kwanza kwa fedha za wa mwisho. Watu wengi waliingizwa na walimu, na wahubiri, na watu wa ofisini mwao, watu waliowaamini kwa mambo mengine. Tume iliyoundwa na serikali kulichunguza jambo hilo mwaka 2009 ilikuta kwamba zilipotea shilingi zaidi ya bilioni 8, za watu zaidi ya laki moja. Ni wachache sana waliorudishiwa kitu. Kwa hiyo weka kanuni nyumbani mwako, na uiandike ukutani ukitaka: anayenishauri hashiki fedha yangu, na anayeshika fedha yangu hanishauri. Mali ikinunuliwa, ilipwe moja kwa moja kwa muuzaji, nawe uchukue risiti yenye jina lako.

Wala jina kubwa lisitutie usingizi. KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo, ulioanzishwa mwaka 1973, ndio uliokuwa ukivifundisha na kuvishauri vyama vingi vya akiba nchini, na vyama vikaweka fedha kwake. Uchunguzi wa hesabu uliotangazwa mwaka 2025 ulionyesha pengo la shilingi bilioni 13.3. Mwalimu wa hesabu naye akaguliwe hesabu.

Mtauliza: basi cheti? Cheti chaweza kusaidia, ila tujue kinasema nini. Kwa sheria ya Kenya hakuna leseni inayomlazimu mtu kuwa nayo ili ajiite kocha wa biashara. Leo hii yeyote hapa aweza kuchapa kadi kesho asubuhi. Kuna chama cha kimataifa cha makocha, International Coaching Federation, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1995, nacho hutoa vyeti baada ya mafunzo na mtihani. Mwenye cheti hicho amefundishwa namna ya kuuliza na kusikiliza. Hakuna aliyemfundisha bei ya saruji Migori. Walakini mambo mengine yana leseni, na hapo usikubali mchezo. Anayejiita mhasibu, jina lake lazima liwe katika orodha ya ICPAK. Anayekushauri juu ya hisa na uwekezaji lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Chama cha akiba kinachopokea amana lazima kiwe na leseni ya SASRA, na orodha hutolewa kila mwaka. Anayesema ana kampuni, jina lake laweza kutafutwa katika eCitizen kwa fedha kidogo. Mtoto wa kidato cha pili aweza kukufanyia kwa simu.

Na mashauri ya bei nafuu yapo. Serikali ina chuo cha kufundisha wafanyabiashara, KIBT, na ina mamlaka ya biashara ndogo, MSEA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Afisa wa ushirika wa kaunti yuko ofisini Migori, mshahara wake unatoka katika kodi zenu, na kwa wachimbaji sheria ya madini ya mwaka 2016 inataka muwe katika chama cha ushirika ndipo mpate kibali. Mtu akikuambia atakupatia kibali hicho kwa mlango wa nyuma, unamlipa akuuzie kesi.

Watu wa upande huu wa ziwa wanao pia mfano wa zamani. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu Maseno, aliandikisha Luo Thrift and Trading Corporation. Alisafiri mji kwa mji katika Afrika ya Mashariki akiuza hisa kwa wafanyakazi. Nyakati zile wengi walisema kwamba Mwafrika hawezi biashara. Shirika lilikuwa na mtambo wa kupiga chapa, likajenga Maseno, likajenga Ramogi House mjini Kisumu. Lilikuwa na shida zake nyingi, wala hatuisimulii habari hii kama hadithi ya malaika. Tunachokitazama ni hiki: aliyewashauri wafanyakazi waweke fedha yao aliacha kazi yake ya ualimu akaingia humo yeye mwenyewe, na mwenye hisa alipofika Kisumu aliweza kuligusa jengo kwa mkono wake. Mshauri wako wa leo umwulize: katika jambo hili unaloniambia niingie, wewe mwenyewe umeweka nini, na ni kitu gani nitakachoweza kukigusa?

Neno moja juu ya simu, kwa ajili ya vijana. Siku hizi kuna programu za kompyuta zinazojibu maswali ya biashara kwa WhatsApp, usiku na mchana, bila kuchoka. Mwaka 2023 wataalamu walizijaribu kwa wafanyabiashara wadogo mia kadhaa wa Kenya. Kwa wastani hazikuleta tofauti. Lakini walipotazama ndani, waliona kwamba wale ambao biashara zao zilikuwa zikienda vizuri tangu mwanzo walipata nyongeza ya asilimia 15 hivi, na wale waliokuwa wakichechemea walishuka kwa asilimia kama 8. Kwa maoni yetu sababu si ngumu kuiona. Mashine humpa kila mtu mashauri mengi mazuri kwa mara moja, punguza bei, tangaza, ongeza bidhaa, naye mwenye ujuzi huchagua moja akaacha tisa, lakini mwenye kubabaika huyafuata yote. Basi itumieni, lakini baada ya kuijua hesabu yenu. Mashine haijui kwamba barabara yenu huharibika mwezi wa Aprili.

Sasa ukimpata mtu unayemwona anafaa, usimwoe siku ile ile. Mpe jaribio dogo. Mpelekee daftari lako la mauzo ya mwezi mmoja, umwangalie anafanya nini. Akianza kusema kabla ya kulifungua, ondoka. Akilifungua akauliza, "Mbona siku hizi tatu hukuandika kitu? Na hii ya Shs. 2,000/- iliyotoka bila jina, ilikwenda wapi?" huyo ana macho, hata kama maswali yake yanakukera. Omba akutajie watu watatu aliowashauri, uwatafute wewe mwenyewe, na mmoja wao awe ni mtu ambaye biashara yake haikufaulu. Huyo wa mwisho ndiye atakayekuambia habari za kweli: mshauri alipoona mambo yanaharibika alikuja mara nyingi zaidi, au simu yake ilizimwa?

Mkikubaliana, andikeni. Karatasi moja yatosha: kazi ni ipi, mtaonana mara ngapi, malipo ni kiasi gani, na kila mmoja aweza kuacha akitoa taarifa ya wiki mbili. Iwe ya miezi mitatu kwanza. Malipo yawe kwa mwezi, baada ya kazi, yasiwe yote mbele. Iandikwe pia kwamba hatachukua bakshishi kwa muuzaji yeyote anayekupeleka kwake, maana hapa ndipo wengi huteleza: ushauri ni wa bure, lakini pampu aliyokuambia ununue bei yake imeongezwa ya kwake ndani. Na iandikwe kwamba habari za daftari lako hatazipeleka sokoni.

Baada ya maneno haya wenzetu waliuliza maswali, na mawili twayaandika hapa kwa faida ya wasiokuwapo.

Mzee mmoja aliuliza kama si afadhali kumchukua ndugu wa damu, kwa kuwa hawezi kukuibia. Tulimjibu kwa heshima kwamba ndugu ni mtu mwema wa kukutia moyo, ila ana shida mbili. Huogopa kukuambia kwamba shimo lako halina kitu, asije akaharibu undugu. Nawe ukimwona amekosea huwezi kumwachisha, maana mtaonana matangani. Mzee alicheka, akasema, hata hivyo ndugu atakuzika. Hatukuwa na jibu.

Mama mmoja anayeuza omena alisema kwamba yote tuliyosema ni ya wenye fedha, yeye mtaji wake ni magunia mawili, hawezi kumlipa mshauri. Tulimwambia kwamba yeye ndiye tuliyemfikiria tuliposimulia habari za Dandora, maana wale nao hawakumlipa mtu. Hapa Masara muuza omena mwenzake ni mshindani wake, hatamwambia siri. Lakini wako akina mama wanaouza omena Awendo, au Rongo, au Kendu Bay, ambao hawamnyang'anyi hata mteja mmoja, nao wanajua nani anapima gunia kwa haki kule Sori na Muhuru Bay. Wanachama wetu wana wake na mama zao katika masoko hayo yote. Katibu amekwisha kuanza kuandika majina, soko kwa soko na biashara kwa biashara, na mwenye kutaka kuunganishwa na mwenzake afike kwake Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, hapa hapa, akiwa na daftari lake. Asiye na daftari aje na kumbukumbu yake ya wiki moja. Tutamnunulia daftari la Shs. 50/- na kalamu.